Kipato cha Mzee Zebedayo

9 Juni
Leo nimekataa kugonga mhuri mara mbili, na saa nne ilikuwa bado. Wa kwanza alitaka niandike kwamba ng'ombe aliyekula mpunga wa jirani si wake. Wa pili ni mzazi aliyekuja na fomu ya mkopo wa chuo ya mwanawe. Alitaka nithibitishe kwamba hana shamba, na shamba lake ndilo ninalolipita kila siku nikija ofisini. Akaniangalia kama mgeni, ingawa huu ni mwaka wangu wa saba nikiwa mtendaji wa kijiji hiki cha Bujonde.
"Mwaka jana mlikuwa mnaandika," akasema.
Nikamwambia mwaka jana umepita.
Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya msimu wa fomu. Kila nitakachothibitisha kule nataka nikiandike na hapa, nikione kwa mwandiko wangu. Sababu ninayo. Nitaiandika nikipata moyo.

14 Juni
Mvua imenyesha bila kutarajiwa, na mpunga uliokatwa ulikuwa bado umelazwa chini. Watu wanasalimiana kwa kutikisa kichwa.

22 Juni
Baada ya ibada nimekula kwa mdogo wangu Nsajigwa, Kyela mjini. Wali na samaki mbasa wa kukaanga, na yeye mwenyewe akanichagulia kipande kizuri, kama afanyavyo siku zote. Fuso zake mbili zilikuwa uani, moja ikipakiwa mchele wa kwenda Mbeya. Tukiwa mezani binti yake, Doreen, akapiga simu kutoka chuoni. Anamaliza mwaka wa kwanza.
"Shangazi, bila wewe nisingekuwa huku."
Basi niandike. Mwaka jana Nsajigwa aliniletea fomu ya Doreen. Haishi kijijini kwangu. Ana kipande cha shamba tu alichoachiwa na baba. Nikaandika kwamba ni mkazi wangu, mkulima mdogo asiye na kipato cha uhakika, mwenye wategemezi sita. Wategemezi sita! Nadhani nilihesabu na madereva wake. Baba yetu alipofariki, Nsajigwa aliacha shule akabeba magunia stendi ili mimi nimalize chuo. Siku ile hakunikumbusha. Hakuwa na haja ya kunikumbusha.
Doreen akapata mkopo asilimia mia. Krismasi akaniletea kitenge. Nimekishona, na leo nilikivaa kanisani.
Mwaka huu sitaandika kwa mapenzi. Nitafuata karatasi zinavyosema.

3 Julai
Asubuhi wamekuja mzee Zebedayo na binti yake Tusekile, aliyemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza. Anataka kusomea uuguzi. Tangu shule hii ya kata ianze hatujapata binti wa namna hiyo, na nilifurahi kuwaona mlangoni.
"Mugonile, mtendaji," mzee akasalimu, akakaa kwenye ncha ya benchi.
Jana nilishapita kwenye chama cha msingi kuangalia kitabu cha mauzo ya kakao. Kwa kila mzazi mkulima nafanya hivyo sasa. Jina la Zebedayo lilikuwa na kilo mia nne na kumi na mbili. Kwa bei za mnada wa msimu uliopita hizo ni zaidi ya shilingi milioni nane. Katika fomu Tusekile alikuwa ameacha wazi mahali pa kipato cha mzazi.
"Hapa tuandike nini?" nikamuuliza.
"Kidogo, mama. Kipato kidogo."
"Kitabu cha chama kinasema kilo mia nne na kumi na mbili."
Tusekile akamgeukia baba yake. Mzee alikuwa anaangalia mikono yake, iliyojaa utomvu mweusi wa maganda ya kakao.
"Mzee Zebedayo, kitabu kinadanganya?"
"Hakidanganyi. Kakao ilipimwa kwa jina langu."
"Na hela ziliingia?"
"Ziliingia kwa jina langu."
"Baba, mwambie," Tusekile akasema.
"Nyamaza, mwanangu."
"Baba—"
"Nimesema nyamaza. Mtendaji, andika ulichokiona."
Nikaandika: mkulima wa kakao, kipato cha zaidi ya milioni nane kwa mwaka, ana uwezo wa kuchangia elimu ya mwanawe. Nikasaini, nikagonga mhuri. Mzee akashukuru, ndaga fijo, kama vile nimempa kitu. Tusekile hakusema asante. Wakati wanatoka nilimwona akitembea mbele ya baba yake, jambo ambalo watoto wa huku hawalifanyi.
Nimejisikia kama mtu aliyetoka kuoga mtoni.

7 Julai
Mwenye ng'ombe aliyekula mpunga amejulikana. Amelipa gunia moja.

19 Agosti
Kuna watu Mungu amewapa wakakunja ngumi. Nimempita mzee Zebedayo akitengeneza baiskeli yake kwa kamba ya mgomba. Bati la jikoni limetoboka. Binti anavaa ndala zilizoshonwa. Na mkewe, Jubilate, yuko Dar es Salaam tangu Machi kwa mdogo wake aliyejifungua. Miezi mitano ya kulea mtoto wa mtu! Akina mama wa kwaya wanasema amenogewa na mji. Milioni nane, na bado alikuja kwangu kutaka huruma ya serikali.
Nilimsalimu. Akaacha kazi, akasimama wima kunijibu. Heshima anayo, hilo silikatai.

31 Agosti
Dirisha la maombi limefungwa. Nimethibitisha fomu kumi na tisa na hakuna hata moja ninayoionea aibu. Tatu nilikataa kabisa. Wenyewe hawanisalimii.

12 Septemba
Joto. Visima viwili vimekauka upande wa Ngana, akina mama wanavuka kuja kuchota kwetu. Ugomvi wa ndoo.

16 Oktoba
Majina ya mikopo yametoka. Kati ya kumi na tisa wangu, kumi na moja wamepata. Tusekile hakupata hata senti.
Hakuja kuniambia. Nimesikia kwenye mazoezi ya kwaya. Mmoja wa wale niliowakataa, mwanawe amepata, maana alikwenda kugongewa mhuri kijiji kingine. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba baba wa Tusekile anazo, atalipa. Nimejiambia mara nyingi mno kwa jambo ninaloliamini.

20 Oktoba
Lazima niandike kama lilivyotokea.
Nilikwenda mjini kununua turubai la ofisi, kabla mvua hazijaanza. Duka ni la bwana Ridhwani. Babu yake alikuja Kyela kutoka Kilwa na chumvi, na duka halijahama mahali pale tangu wakati huo. Ana miaka sitini na kitu, mpole, hana haraka na mteja. Akakunja turubai, akauliza habari za kijijini, kisha akasema:
"Na mama Tuse? Hospitali wamemruhusu?"
"Hospitali gani?"
Mikono yake ikasimama juu ya turubai.
"Samahani, mama mtendaji. Nilidhani unajua. Wewe ndiye kiongozi wao."
"Bwana Ridhwani, mama Tuse yuko Dar kwa mdogo wake aliyejifungua."
"Basi ni hivyo," akasema haraka. "Nimechanganya watu."
Nikakaa kwenye gunia la mbolea. Nikamwambia nimemwandikia Zebedayo milioni nane, na mtoto amekosa chuo. Mteja aliingia, akamhudumia, mteja akaondoka.
"Ana saratani ya kizazi," akasema. "Anapigwa mionzi. Nauli, chumba, vipimo, dawa. Zebedayo alikuja kwangu mwaka jana ugonjwa ulipoanza, kakao haijatoa hata ua."
Zebedayo alimuuzia njuli, ndivyo alivyomaanisha. Njuli ni kakao inayouzwa ingali mtini, mkulima akachukua hela mapema kwa bei ya kutupa. Imepigwa marufuku. Kwa hiyo ikikomaa hupelekwa chama cha msingi kwa jina la mwenye shamba, hela zinaingia kwenye akaunti yake, naye anazitoa siku hiyohiyo anampelekea aliyemkopesha.
"Zile kilo mia nne na kumi na mbili?" nikauliza.
"Zote zangu, mama. Na za msimu huu pia."
Nikamwomba aniandikie hayo kwenye karatasi. Akatikisa kichwa.
"Nikiandika, najifunga mwenyewe. Nina wajukuu wanaokula hapa. Nimekwambia kwa sababu ya yule binti. Mengine muulize mwenyewe."
Nimerudi na turubai. Sikumbuki kama nililipa. Nadhani nililipa.

21 Oktoba
Nimemkuta shambani akipasua kakao peke yake. Nilikuwa nimejipanga kumuuliza kwa nini alinificha. Nilipofika maneno yale yakawa hayana maana, maana sikufichwa. Siku ile binti alisema "mwambie" mbele yangu, mara mbili alitaka kusema, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi na haraka ya kuwa mwaminifu.
"Nimejua habari za mama Tuse," nikasema.
Akaendelea kupasua mbili, tatu. Kisha akaweka panga chini.
"Aliniapisha, mtendaji. Ugonjwa wenyewe unajua unakaa wapi. Alisema watu watasema ameupata kwa uasherati, na yeye ni mke wa mzee wa kanisa. Akasema nikitaja kwa mtu yeyote, hatarudi kijijini, hata akipona."
"Ungeniambia mimi tu."
"Wewe ulikuwa na kitabu. Mimi nilikuwa na neno nililompa mke wangu. Ungeniuliza mara moja zaidi, labda ningelivunja. Sijui. Nilimwomba Mungu usiulize."
Na sikuuliza. Ndilo lililonikaa kifuani njia nzima.
Kabla sijaondoka alimpigia mkewe, akanipa simu. Sauti ya Jubilate ilikuwa nyembamba, lakini maneno yamenyooka.
"Angetile mdogo wangu, mtoto kakosa kwa sababu yangu?"
"Kwa sababu yangu, dada. Mimi ndiye niliyeandika."
"Andika upya. Taja ugonjwa kwa jina lake. Ningejua mwanangu ndiye atakayelipia aibu yangu, ningesimama kanisani nikatangaza."
Mzee alikuwa amegeuka anaangalia migomba. Akina mama wa kwaya, na mimi pamoja nao, tulisema amenogewa na mji.

25 Oktoba
Rufaa imekwenda. Barua yangu ina kurasa mbili. Nimeandika kwamba uthibitisho wa kwanza ulikuwa na kasoro kwa sababu sikufanya uchunguzi, nilitegemea kitabu cha mauzo peke yake. Nimeambatisha karatasi za hospitali. Jina la Ridhwani sikulitaja. Zebedayo ameeleza deni lake mwenyewe, akasaini.
Tusekile alikaa benchi lilelile, hakuinua macho. Nilipomwambia pole alijibu, "Haya, mama." Chuo kinafunga usajili tarehe ishirini na mbili ya mwezi ujao.

28 Oktoba
Nimemwekea mzee laki tatu kwenye bahasha, akiba yangu. Amenirudishia bila kufungua. "Ukinipa hizi," akasema, "nitakuwa nimekuuzia kosa lako." Sidhani alisema kwa ubaya.

6 Novemba
Nimekwenda kwa Nsajigwa. Tangu siku ile ya shambani nimeiona ile barua ya mwaka jana kila nikishika mhuri. Nilimwandikia kwa ukali mtu aliyenyooka, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia kwa ulaini mtu nimpendaye. Zebedayo ndiye aliyebeba toba yangu.
Nikamwomba mdogo wangu jambo moja. Aandike mwenyewe kwamba taarifa za kipato chake hazikuwa sahihi, aache mkopo wa Doreen, amlipie ada. Uwezo anao.
Alicheka kwanza. Halafu akaona sicheki.
"Dada, nani haandiki hivyo? Nitajie mmoja mwenye duka pale mjini aliyeandika duka lake."
"Sikuja kwa habari za wa mjini."
"Fuso moja ni ya benki. Unajua hilo? Mtu akiniona na magari anadhani ninalala juu ya hela. Na wewe ukijichoma, utanichoma na mimi, utamchoma Doreen. Kwa ajili ya nani? Mtoto wa Zebedayo hatapata hata shilingi moja ya Doreen, hazihamishwi hivyo."
Hilo ni kweli.
"Mimi niliacha shule ili wewe usome," akasema polepole. "Sijawahi kulisema neno hili. Leo umenifanya niliseme."
Niliondoka chakula hakijaiva.

15 Novemba
Mvua zimeanza kweli. Barabara ya kwenda Ipyana haipitiki kwa pikipiki. Mtandao unakuja na kuondoka. Majibu ya rufaa bado.

18 Novemba
Bado.

22 Novemba
Usajili umefungwa leo. Tusekile alikuwa amepanga begi. Mzee alizunguka kwa ndugu wiki nzima akapata nauli na robo ya ada. Chuo kinataka nusu. Nimewaona wakirudi kutoka barabarani kwenye mvua, mzee amebeba begi kichwani, binti nyuma yake.

28 Novemba
Majibu yametoka asubuhi. Rufaa imekubaliwa, asilimia themanini. Siku sita tu. Nimepiga simu chuoni mara nne, mara ya nne nikaongea na dada mmoja mwenye sauti ya upole: nafasi zimejaa, ajaribu mwakani, na mkopo ataomba upya.
Nilikwenda mwenyewe kuwaambia. Mzee akasema Mungu ana makusudi yake. Tusekile akatoka nje kwenda kuanua kakao, ingawa mvua ilikuwa haijaanza.

2 Desemba
Tusekile ameajiriwa kibarua cha kuchambua kakao kwenye ghala la chama. Nikamsubiri saa ya mapumziko. Niliona ni haki yake kujua, kabla mtu mwingine yeyote hajajua. Nikamweleza yote kuhusu barua ya Doreen, Fuso, wategemezi sita, na kwa nini mwaka huu nilikuwa mkali. Walisoma msingi pamoja, Doreen akiwa darasa moja mbele yake.
Alisikiliza huku akitoa makapi kwenye kiganja chake.
"Ungeniambia haya Oktoba, yangenisaidia?"
"Hapana."
"Na sasa yananisaidia?"
"Hapana, mwanangu."
"Basi umeniambia ili wewe ulale vizuri, mama."
Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo kwenye mzani. Kisha kengele ikalia, akaniaga kwa heshima, akarudi ndani.


4 Desemba
Nimepeleka barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Ofisa utumishi aliisoma mbele yangu, akavua miwani.
"Huyu Nsajigwa ni nani kwako?"
"Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."
"Umegombana naye? Urithi?"
"Hapana."
"Mtendaji, hakuna aliyekuuliza habari hizi."
"Ndiyo maana nimezileta."
Akaigonga mhuri wa kupokelewa. Akaniambia nikabidhi ofisi kwa mtendaji wa kata, nisubiri barua nyumbani. Nimeukabidhi mhuri mchana. Chepesi ajabu, kitu kile.
Jioni nikamtumia Nsajigwa ujumbe, asije akasikia kwa watu. Ameusoma.

7 Desemba
Jubilate amerudi kwa basi la asubuhi. Amekonda, ana kitambaa kichwani, anatembea mwenyewe. Nilisimama mbali na wengine. Amenifuata nilipo, akanishika mkono, akasema hajui kama atapona lakini amechoka kujificha. Kanisani aliomba dakika moja, akaeleza ugonjwa wake kwa jina. Akina mama wawili wakamfuata nje baadaye kumuuliza vipimo vinafanyika wapi.

12 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Doreen amepiga simu. Nilijiandaa kutukanwa, hakunitukana. Ameitwa ofisi ya mikopo chuoni, ameambiwa malipo yake yamesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Alikuwa analia kwa kujizuia, kama alivyokuwa akilia utotoni akianguka mbele ya wageni.
"Shangazi, mitihani ni Februari. Ada itatoka wapi?"
Nikamwambia mwanangu, nisamehe, lakini baba yako ana uwezo, Fuso zake nimeziona kwa macho yangu, mwambie alipe, hilo ndilo lililopaswa kuwa tangu mwanzo.
Akavuta pumzi.
"Nimemwambia, shangazi. Amesema hana."